Kijiko Kimoja cha Chai: Acheni Kununua Pistoni kwa Sifa

Haya jamani, leo naweka msimbo kando. Wanaonijua wanafahamu kwamba kazi yangu ni kuandika programu, lakini Jumamosi nikikosekana nyumbani, nitafute chini ya gari. Na leo nina jambo la magari ambalo limenikaa rohoni kwa muda mrefu. Nitalisema lote, na atakayekasirika akasirike.

Kila mara kuna kijana anayenijia na swali lile lile: "Najenga injini ya Starlet, ninunue pistoni gani?" Mimi nami humwuliza maswali matatu. Silinda zako zina kipenyo gani leo, sio siku gari lilipotoka kiwandani? Hajui. Chemba ya silinda hedi yako ina ujazo gani? Hajui. Gari litatembea wapi, Nairobi ama Mombasa? "Kote kote." Lakini jina la kampuni ya pistoni anazozitaka analijua, na rangi ya boksi lake anaijua. Anataka foji. Ukimwuliza kwa nini foji, anakutazama kama umemwuliza kwa nini maji huteremka.

Msimamo wangu ni huu, na niuseme mapema ili tusipotezeane wakati: pistoni ndicho kifaa cha MWISHO kuchaguliwa katika injini ya kujengwa, sio cha kwanza. Na mtu anayenunua pistoni kabla ya kupima bloku hajengi injini. Anacheza kamari.

Najua kwa sababu niliicheza nikashindwa.

Nilikuwa na Starlet yenye injini ya 4E-FE. Kwa wasioijua, hiyo ni injini ndogo ya Toyota ya silinda nne: kipenyo 74 mm, mwendo wa pistoni 77.4 mm, jumla cc 1331. Kutoka kiwandani uwiano wake wa mgandamizo ni takriban 9.6 kwa 1. Injini tamu, haina makuu. Lakini mimi sikutaka injini isiyo na makuu. Nilitaka injini ya kusimuliwa. Basi nikaagiza seti ya pistoni za kufuliwa kutoka ng'ambo, za 75 mm, zenye kichwa kilichoinuka, na bei yake ilikaribia nusu ya pesa nilizonunulia gari lenyewe. Zilipofika nikazipiga picha mezani kabla hata ya kuifungua injini.

Nikapeleka bloku kwa fundi wa mashine, nikamkabidhi na boksi. Akaziangalia, akatabasamu, akasema, "Bosi, hii kitu itaruka." Bloku ikapanuliwa milimita nzima kwa mpigo. Silinda hedi ikaparuliwa "kidogo tu, iwe sawa". Nikauliza mgandamizo utakuwa ngapi. Akaniambia nisijali, amefunga injini miaka ishirini. Na mimi, ninayelipwa mshahara kwa kutomwamini mtu yeyote anayesema "usijali" kuhusu programu, sikujali. Karatasi iliyokuja na pistoni ilitaja 10.5 kwa 1, ikanitosha.

Nairobi gari liliruka kweli. Thika Road walinitambua. Miezi miwili mambo yalikuwa mazuri. Kisha Desemba tukateremka Mombasa, mimi, mama watoto na wawili wetu nyuma. Tulipoipita Voi nikaanza kusikia mlio kama wa kokoto zinazotikiswa ndani ya mkebe kila nilipokanyaga mafuta. Nikaongeza sauti ya redio. Mama watoto akaniuliza, "Baba Tumaini, huo ni mlio gani?" Nikamwambia ni barabara. Karibu na Mackinnon Road gasketi ikapasuka kati ya silinda ya pili na ya tatu, maji yakachemka, na tukakaa kando ya barabara kwenye jua lile, malori yakitupita hivi, hadi giza likaingia. Kupigiwa kelele na mke wangu kungekuwa nafuu. Hakusema neno hadi Mombasa.

Tulipoifungua injini, silinda hedi ilikuwa imepinda, na beringi za konrodi zilikuwa zimepondwa kama zimepigwa nyundo. Na pistoni? Pistoni hazikuwa na ufa hata mmoja. Zile pistoni zangu za sifa zilipona, injini ikafa.

Hapo ndipo nilipofanya nilichopaswa kukifanya mwanzo. Nilinunua bomba la sindano kwenye duka la dawa na kipande cha kioo, nikapima ujazo uliobaki juu ya pistoni ikiwa imefika kileleni, pamoja na ule wa unene wa gasketi. Nilipata cc 31. Sasa twende kwenye hesabu, ni ya darasa la nane. Silinda ya 75 mm kwa mwendo wa 77.4 mm ina cc 342. Jumlisha 31, gawanya kwa 31: unapata 12 kwa 1. Sio 10.5. Ili nipate 10.5 nilihitaji cc 36 juu ya pistoni.

Tofauti ni cc 5. Kijiko kimoja cha chai. Kijiko kimoja cha chai kiliua injini yangu na kikala ada ya shule ya muhula mmoja.

Watu wakisikia hadithi hii husema, "Fundi wako alikuwa mbaya." Hapana. Kosa lilikuwa langu kwanza, na ndiyo maana naandika. Hebu niyapinge mambo manne yanayotuponza, moja baada ya jingine.

LA KWANZA: "Foji ndiyo bora."

Bora kwa nini? Pistoni hufanywa kwa njia kuu mbili. Kuna ya kusubu, yaani alumini iliyoyeyushwa ikamiminwa katika kalibu, na kuna ya kufuliwa, yaani alumini iliyogandamizwa kwa nguvu kubwa mpaka ikachukua umbo. Ya kufuliwa ni ngumu kupasuka. Hilo ni kweli na silipingi. Lakini ndani ya kufuliwa kuna aloi tofauti, na hapa ndipo wauzaji wananyamaza. Aloi inayoitwa 4032 ina silikoni takriban asilimia 12. Aloi ya 2618 karibu haina silikoni kabisa. Silikoni ndiyo inayoizuia alumini kupanuka sana kwa joto na kulika haraka. Pistoni ya 74 mm ikipanda joto nyuzi 100, ya 2618 hupanuka takriban 0.16 mm, na ya 4032 takriban 0.14 mm. Silinda ya chuma inayoizunguka hupanuka karibu 0.08 mm tu. Kwa hiyo pistoni ya 2618 lazima iachiwe nafasi kubwa zaidi ikiwa baridi, la sivyo itakwama ikipata moto.

Matokeo yake ni yapi? Asubuhi ukiwasha gari pistoni inayumba ndani ya silinda, kelele kama cherehani mbovu. Gari la mbio hupashwa moto, likakimbia, likafunguliwa, likakaguliwa. Gari lako huwashwa saa kumi na mbili asubuhi, linapeleka watoto shule umbali wa kilomita tatu, linazimwa, linawashwa tena. Injini haijapata moto hata mara moja. Hiyo ndiyo kazi ambayo 2618 inaichukia. Inalika, ringi zinachoka, oili inaanza kuliwa, kisha unalaumu oili.

Halafu kumbuka kwamba magari madogo mengi ya turbo yanayotoka viwandani hubeba pistoni za kusubu, na hufika kilomita laki mbili. Wahandisi wale si wajinga. Wanachofanya ni kudhibiti mgandamizo, joto na muda wa cheche ya plagi, ili pistoni isifikishwe mahali pa kupasuka. Pistoni ya kufuliwa huvumilia makosa kwa muda mrefu zaidi, basi. Na mimi nimewaonyesha kwamba pistoni ikivumilia kosa, kosa linahamia kwenye gasketi na beringi.

Hata neno lenyewe linapaswa kutuamsha. Kwetu Kenya kitu cha foji ni kitu ghushi. Na boksi za foji za foji zipo, tena nyingi. Usipokuwa na maikromita na mizani, utazitambua vipi?

LA PILI: "Panua silinda upate nguvu."

Hili linanichekesha na kuniliza. Injini ya 74 mm ukiipanua nusu milimita inatoka cc 1331 hadi kama cc 1350. Ukiipanua milimita nzima unafika kama cc 1368. Yaani umekula chuma cha bloku yako ili upate nyongeza ya cc 36, asilimia 2.7. Ungepata zaidi kwa kubadilisha plagi zilizochoka na kusafisha kichungio cha hewa.

Sababu ya haki ya kupanua silinda ni moja: silinda imelika, imekuwa yai badala ya duara, na inahitaji kunyooshwa. Basi panua kiasi kinachohitajika, usiongeze. Starlet ya mwisho yenye injini hii ilitoka kiwandani mwaka wa 1999, kwa hiyo hata bloku changa kabisa imevuka miaka 25. Haitengenezwi nyingine. Ukiruka moja kwa moja hadi milimita nzima, umewaibia wajukuu wa hiyo injini. Anayeanza na 0.25 au 0.50 ana nafasi ya pili. Mimi sikuwa nayo.

Na hili ndilo linalofanya kununua pistoni kwanza kuwa upuuzi: saizi ya pistoni inaamuliwa na silinda mbovu kuliko zote nne. Hujaipima, sasa umeagizaje?

LA TATU: "Fulani wa Uingereza alitumia pistoni hizi na gari linaenda."

Fulani wa Uingereza anaishi karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu. Hewa ya hapa ina msukumo wa karibu kPa 82, ilhali Mombasa ni 101. Maana yake injini isiyo na turbo inameza karibu moja ya tano ya hewa pungufu ikiwa Nairobi. Ndiyo sababu mgandamizo wa 12 ulinyamaza kwenye Thika Road: injini ilikuwa haijashiba. Ilipoteremka pwani ikapata hewa nzito, joto kali na petroli ile ile, mchanganyiko ukaanza kulipuka wenyewe kabla ya zamu yake. Kokoto zile kwenye mkebe ndizo hizo.

Wenye turbo msicheke. Ukiweka msukumo wa 0.6 bar juu ya hewa ya kawaida, Nairobi jumla ni kama 1.42 na Mombasa ni kama 1.61. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 13 bila kugusa chochote, kwa kuteremka tu mlima. Kenya hii mtu anaondoka Limuru asubuhi na jioni anaogelea Nyali. Pistoni ya gari la Kenya inachaguliwa kwa ajili ya pwani, kisha tunakubali kwamba Nairobi itapoa kidogo. Kinyume chake ni kuvunja gari.

LA NNE: "Mgandamizo ukizidi, weka gasketi mbili."

Nimeisikia hii Kirinyaga Road, nimeisikia Industrial Area, nimeisikia hata Kisumu. Kweli, gasketi nene hupunguza mgandamizo: kila milimita moja ya unene kwenye silinda ya 75 mm ni kama cc 4.4. Lakini injini nyingi zimepangwa ili ukingo wa pistoni ukaribie silinda hedi sana inapofika kileleni, na ule ubanaji ndio unaochanganya hewa na petroli ili viungue haraka na sawasawa. Ukiinua hedi kwa gasketi mbili unaua ubanaji huo, na injini inaweza kugonga ilhali mgandamizo umeshuka. Umelipa mara mbili kwa ugonjwa ule ule. Kama unataka mgandamizo wa chini, tafuta pistoni yenye kichwa kilichobonyea kiasi unachohitaji. Kwa mfano, silinda ya 74.5 mm inayotaka 8.5 kwa 1 kwa ajili ya turbo inahitaji cc 45 juu ya pistoni. Sasa pima chemba yako na gasketi yako, toa, na kinachobaki ndicho kibonyeo cha pistoni. Hiyo ndiyo namba unayoagizia. Jina la kampuni linakuja baadaye.

Najua majibu yatakayokuja, basi niyajibu mapema.

Kwanza nitaambiwa nawadharau mafundi wa jua kali. Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni: mafundi hawa ndio wanaoiendesha nchi. Injini ya kawaida, yenye pistoni za saizi ya kawaida, fundi mwenye uzoefu ataifunga macho yamefumbwa nayo itafanya kazi, kwa sababu hesabu zote zilishafanywa kiwandani. Ila ukibadilisha pistoni, mwendo wa krenki au hedi, umezifuta hesabu za kiwanda, na uzoefu hauwezi kukumbuka kitu ambacho hakijawahi kuwepo. Tena tuseme ukweli: mafundi hawapimi kwa sababu sisi hatulipii kupimwa. Mteja anabishana juu ya shilingi mia tano za vipimo huku mkononi ameshika boksi la pistoni la maelfu. Nilikuwa mteja huyo.

Pili nitaambiwa kuna injini zinazohitaji pistoni za kufuliwa kweli. Zipo. Turbo yenye msukumo mkubwa, gari la mashindano, injini ya kuzungushwa sana. Tuchukue mfano: kwenye 4E-FE ikizunguka mara 6,500 kwa dakika, pistoni na pini yake vyenye uzito wa gramu 300 huivuta konrodi kileleni kwa nguvu ya karibu kilo 700. Nguvu hiyo hukua kwa mraba wa mzunguko, kwa hiyo ukienda 8,000 inazidi kwa nusu nzima. Hapo wepesi na ugumu vina maana, na kila gramu 10 za tofauti kati ya pistoni moja na nyingine ni kilo 24 hivi zinazoitikisa injini. Kama wewe ndiye huyo, nunua za kufuliwa, zipime uzito, soma karatasi ya nafasi iliyokuja nazo na uifuate kuliko unavyomfuata mchungaji wako. Lakini jiulize kwa haki: wewe ndiye huyo?

Tatu, kuna atakayesema, "Wewe mtu wa kompyuta unajua nini?" Najua jambo moja. Katika kazi yangu, anayechagua kifaa kwanza halafu akatafuta tatizo la kukitumia ndiye hukesha ofisini usiku mfumo unapoanguka. Nimekesha na watu hao. Injini nayo ni mfumo.

Basi utaratibu wangu ni huu, nao sasa nimeuweka kwenye lahajedwali ndogo ya safu kumi. Amua kazi ya gari na mahali pa chini kabisa litakapofika. Chagua uwiano wa mgandamizo kutokana na hayo. Pima silinda zote nne, juu, katikati na chini, kwa pande mbili. Pima chemba kwa bomba la sindano na kioo. Pima unene wa gasketi iliyokwisha kubanwa. Pima umbali kutoka katikati ya pini hadi kichwa cha pistoni ya zamani, na jinsi inavyofika kileleni mwa bloku. Hapo namba zenyewe zitakutajia pistoni: kipenyo, urefu, kibonyeo, aloi. Ndipo uagize. Pistoni zikifika, zipime tena, umpe fundi wa mashine pistoni yenyewe pamoja na karatasi ya nafasi, apanue silinda kuifuata hiyo. Na usisahau mwanya wa ringi: kwa 74 mm bila turbo kanuni ya kawaida ni kama 0.30 mm kwenye ringi ya juu, na kwa turbo unapanda kuelekea 0.40, ukianza daima na maelezo ya mtengenezaji. Mwanya mdogo hufunga ringi ikipata moto, na ringi ikifunga huvunja pistoni ya dhahabu na ya udongo vilevile.

Halafu dai karatasi. Fundi akikurudishia bloku bila vipimo vilivyoandikwa, usichukue. Ukienda hospitali hawakupimi damu kisha wakakuambia "iko sawa tu".

Starlet yangu bado iko. Niliijenga upya kwa bloku nyingine, ikapanuliwa nusu milimita tu kwa sababu ndiyo iliyohitajika, na pistoni za kusubu za kawaida zinazouzwa hapa hapa mjini. Mgandamizo, kwa kipimo na sio kwa tangazo, ni 9.8. Haisimuliwi na mtu. Mwaka uliofuata tuliteremka Mombasa na kurudi, na kule Mackinnon Road mama watoto alizima redio kwa makusudi, akasikiliza kwa muda, kisha akaiwasha tena.

Zile za foji ziko hapa mezani kwangu. Moja ninawekea kalamu. Nyingine tatu nimezikataa kuziuza, maana kila anayeziulizia namwuliza chemba yake ina cc ngapi, na mpaka leo hajatokea wa kunijibu.